Tundu la Thelathini na Mbili

Jumapili, 5 Machi

Mjomba Timazi,

Shikamoo. Najua kabla ya kusoma utatazama kwanza kama mistari yangu imenyooka. Haijanyooka. Naandikia juu ya meza ya kukatia nguo, cherehani pembeni, na mikono inanitetemeka kwa kushika sururu jana kutwa. Ningekupigia simu, lakini masikio yako yameshaliwa na nyundo, basi tuandikiane.

Sasa kaa vizuri. Unaikumbuka Nyumba ya Pampu, nyuma ya soko? Ile ya matofali mekundu, yenye mnara, iliyokuwa ikisukuma maji ya mji mzima kabla hata mama hajazaliwa? Ofisi ya mji imetukabidhi! Si kabisa, ni kwa majaribio. Tuko watu kumi na mmoja, tunafanya kazi kila Jumamosi kwa kujitolea, na tunataka pawe bustani ya watu na ya viumbe pia. Lile bwawa la nyuma tumeshatoa humo matairi tisa, kitanda cha chuma na beseni la kuogea zima, na siku ya pili yake tu vyura wakaanza kuimba utadhani walikuwa wanangoja kualikwa. Chumba cha mashine kitakuwa cha kusomea. Mwenyekiti ni mimi. Usicheke.

Tatizo ni mnara. Mwalimu, yule mama aliyetufundisha hesabu na ambaye mpaka leo nikimwona naficha mikono, ametafuta picha za zamani. Mnara ulikuwa na matundu madogo ya mraba pande zote, pale mafundi wa kwanza walipochomeka miti ya jukwaa wakati wa kujenga. Kila tundu lilikuwa na kiota cha mbayuwayu. Kila tundu, Mjomba! Leo yote yamezibwa kwa saruji, na ukuta wenyewe umepigwa lipu ya saruji juu mpaka chini. Unyevu umekosa pa kutokea, matofali yanamung'unyuka kama biskuti kwenye chai, na ndege wamebaki wachache tu wanaozunguka juu juu. Mpumbavu gani alifanya hivi? Nikimpata nitamshonea suruali ya miguu mitatu.

Afisa wa mji amesema wazi: anakuja kukagua Jumamosi ya tarehe 27 Mei. Akikuta ukuta bado umelowa na unabomoka, mnara unaangushwa kwa usalama wa watu na eneo lote linakuwa maegesho ya magari. Mafundi wa hapa wanajua saruji tu. Anayejua chokaa umebaki wewe. Njoo, Mjomba. Godoro nimeshalianika.

Mpwa wako,
Mwenyekiti


Jumapili, 12 Machi

Mpwa wangu,

Marahaba. Mistari yako ni aibu kwa ukoo.

Mimi mzima, isipokuwa goti. Hapa kwa binti yangu, ghorofa ya tatu, naletewa chai na kuambiwa nisiguse kitu. Juzi niligundua rafu yao ya vyombo imepinda, nikaipima kwa timazi, imepinda kweli, nikawaambia. Mkwe amenuna hadi leo. Mtu anaelezwa ukweli bure, bila kuomba, halafu ananuna.

Kuhusu huyo unayemwita mpumbavu. Wewe ni mwenyekiti wa juzi, usiwe na haraka ya kutukana watu. Enzi hizo saruji ndiyo ilikuwa maendeleo. Ilikuja kwenye mifuko safi, inakauka siku moja, na ofisi ya mji yenyewe ilikuwa inaililia. Pengine alikuwa kijana, kaambiwa ziba, kaziba. Pengine aliziba vizuri sana.

Sasa andika. Bandueni saruji yote kwa patasi na nyundo ndogo, polepole, msiumize tofali. Anzeni upande wa mlango, huko matundu yamejazwa kina cha shibiri mbili. Upande wa bwawa ni shibiri moja tu, mifuko ilikuwa inakwisha. Chokaa iloweke kwenye pipa, maji yaifunike vidole vinne, na ikae wiki tatu. Halafu chokaa moja, mchanga tatu, mchanga mkali uliochekechwa. Ukiipiga kwenye mwiko na kuugeuza juu chini, isianguke. Ikianguka, bado.

Ukuta wa matofali yale unataka kupumua. Chokaa inauachia, saruji inaukaba. Hilo nililijua baadaye sana.

Kuja siwezi. Goti.

Mjomba wako


Jumapili, 26 Machi

Mjomba,

Shikamoo, na pole na goti. Mwalimu anauliza ni la kulia au la kushoto, ana dawa ya kuchua.

Habari mbaya kwanza. Ulisema wiki tatu. Dereva, yule wa lori la mchanga, akasema wiki tatu, siku tatu, si zote ni tatu? Tukapaka jana upande mzima. Ikakaa. Tukapiga makofi. Tulipogeuka kwenda kunawa ikashuka yote kwa pamoja juu ya Dereva. Tulimchimbua akiwa mweupe tangu kofia hadi viatu, kabaki macho tu, na la kwanza alilosema ni kwamba sasa amejua kwa nini ni wiki. Ilibidi tukoge sote kwenye bwawa. Vyura walihama kwa muda.

Habari nzuri: matundu yanafunguka! Tumefungua kumi na tisa. Na Mjomba, wewe ulijuaje? Upande wa mlango tumepima, shibiri mbili kamili. Upande wa bwawa, moja. Mwalimu amesema wewe ni mganga.

Yule aliyeziba tumempa jina, Bwana Saruji. Kila jiwe gumu linalotokea, watu wanamtaja yeye na kizazi chake. Mwalimu anatayarisha ubao wa historia wa kusimamisha langoni, na humo ataandika: "Matundu yote thelathini na mawili yalizibwa na fundi mmoja asiyejua alitendalo." Dereva anataka achorwe pia, kichwa chake kiwe mfuko wa saruji. Tumecheka mpaka mbavu zikauma.

Lakini bila wewe hatufiki, nakwambia kweli. Tunajua kubomoa, kujenga hatujui. Zimebaki wiki tisa. Njoo hata ukae kwenye kiti utukaripie tu.

Mpwa wako


Jumapili, 2 Aprili

Mwenyekiti,

Marahaba. Wiki tatu ni wiki tatu, hata kwa mwenye lori.

Habari ya shibiri, nilibahatisha. Fundi mzoefu akisikia ukuta umelowa anajua. Msinipe uganga.

Huo ubao usiandikwe. Mtu huyo pengine yu hai. Pengine ana watoto, ana wajukuu, atapita pale na mjukuu kamshika mkono, mjukuu amsomee kwa sauti. Mmefikiria hilo mnapocheka mpaka mbavu zinauma? Na huyo Dereva kabla hajachora vichwa vya watu ajifunze kwanza kuhesabu siku.

Tena yaliyozibwa hayawezi kuwa thelathini na mawili. Mwambie Mwalimu ahesabu upya.

Kuja siwezi. Goti limehamia kiunoni.

Mjomba wako


Jumatano, 12 Aprili

Binamu yangu kipenzi,

Hujambo? Nakuandikia kwa siri, baba yuko roshani.

Nani kakwambia ana goti? Jana kapandisha mtungi wa gesi ngazi za ghorofa zote tatu bila kupumzika, akamkaripia jirani aliyetaka kumsaidia. Kiuno ni kizima kuliko changu. Lakini tangu uanze kumwandikia habari za huo mnara, si yeye. Anasoma barua zako mara tatu, anazikunja, anakaa na mwiko wake mapajani anaufuta ilhali hauna hata vumbi. Rafu yetu imepinda zaidi na hajasema neno! Mume wangu mwenyewe ameanza kuogopa.

Nimemuuliza kwa nini asiende. Kanijibu, "Siwezi kusimama chini ya ukuta ule." Nikasema ni kwa sababu ya kiuno? Akasema, "Niletee chai."

Umemwambia nini, ndugu yangu? Kama kuna neno limemchoma, liondoe. Sijawahi kumwona hivi tangu mama alipofariki.

Binamu yako


Jumamosi, 22 Aprili

Mpwa wangu,

Leo sitazami mistari.

Bwana Saruji ni mimi.

Ilikuwa kabla hujazaliwa. Nilikuwa na miaka ishirini na mitatu, ndiyo kazi yangu ya kwanza bila mwalimu juu ya kichwa changu. Ofisi ya mji iliniambia nipige lipu mnara uwe wa kisasa. Habari ya matundu hawakuniambia. Hilo lilikuwa langu. Unanijua, siwezi kuona tundu nikaliacha, wala mstari uliopinda. Niliona mafundi wa zamani wameacha kazi bila kuimaliza, nikasema mimi nitaimaliza. Siku nne, matundu thelathini na moja. Ukuta ukawa laini kama shuka iliyopigwa pasi. Mkuu wa ofisi akaja na timazi yake, akaitundika, akasema hajawahi kuona. Jina la Timazi nililipata siku ile pale. Mnaniita hivyo kwa heshima miaka yote, na mimi naitika.

Mvua zilipokuja ndege walirudi. Nilikuwa naweka sakafu kwenye chumba cha mashine. Walizunguka mnara wakilia, wanakuja mpaka ukutani, wanagusa saruji, wanarudi. Siku tano. Nilikula chakula changu chini yao na kujiambia watapata pengine. Sikupata usingizi mzuri, lakini saruji ilikuwa imeshakauka na ofisi ilikuwa imeshanisifu, nikanyamaza. Nimenyamaza mpaka hivi leo.

Moja ndilo sikuliziba, juu kabisa, upande wa bwawa, chini ya bati. Lilikuwa na makinda waliochelewa. Nilipanga kurudi wakisharuka nilizibe. Nikapelekwa kazi nyingine, sikurudi. Bila shaka mwingine kalimalizia.

Nimeona aibu kukwambia, na nimeona aibu zaidi kila uliponiomba nije. Asubuhi hii ametua mbayuwayu kwenye waya nje ya roshani, kanitazama, nikaona basi.

Andikeni ubaoni mnavyotaka, na jina langu muweke. Kichwa cha mfuko pia. Kuja ndiyo sitakuja, watu wale wasilazimike kunipa mkono. Chokaa ifanyeni kama nilivyokwambia.

Mjomba wako


Jumapili, 23 Aprili

Mjomba wangu,

Shikamoo, shikamoo, shikamoo. Kaa chini.

Ulivyosema tumehesabu vibaya, Mwalimu hakulala. Miaka thelathini na tano kafundisha hesabu, leo mtu amwambie hajui kufika thelathini na mbili! Jana kaja na kiti, darubini na chupa ya chai, akakaa upande wa bwawa tangu asubuhi akifuata kila ndege kwa kidole. Saa sita akapiga ukelele, tukadhani kaona nyoka. "Wanatoka pale!"

Juu kabisa, chini ya bati. Tundu la thelathini na mbili, na halijazibwa. Nikapanda ngazi mimi mwenyewe. Mjomba, ndani kuna viota, vipya juu ya vikuukuu, na ndege alinipita sikioni nusura nianguke. Na chini ya tundu fundi ametengeneza kizingiti kidogo cha saruji, kimeinamishwa kwa nje ili maji ya mvua yasiingie kwa makinda. Katikati ya kizingiti kuna alama ya dole gumba. La kushoto. Lisilo na ncha.

Dole hilo nalijua. Liko kwenye kizingiti cha jikoni kwa mama, tangu utotoni nilikuwa naweka langu humo nione kama nimekua. Kila kazi yako unaimaliza kwa dole. Nililia huku nimeshikilia ngazi, Dereva chini ananiuliza kama nimeumwa na nyuki, nikasema ndiyo.

Mwalimu anasema ndege wote tunaowaona angani hapa ni ukoo wa tundu hilo moja. Lingezibwa nalo, mnara wangeshausahau, na sisi tungekuwa tunafungua matundu kwa ajili ya popo na mijusi. Anasema huyo Bwana Saruji alikuwa na moyo, ila ulichelewa kufika. Sikumwambia ni nani. Sijamwambia mtu yeyote na sitasema, hilo ni lako.

Barua mbili nimekutukana na kukucheka, na wewe ulikuwa unanijibu kwa maelekezo. Nisamehe. Midomo yangu hii ndiyo ya kushona.

Chokaa imefikisha wiki tatu na siku mbili. Ukiugeuza mwiko haianguki. Hatujaigusa. Tunakungoja.

Mpwa wako


Jumatatu, 1 Mei

Mpwa wangu,

Barua zetu zimepishana njiani. Yangu umeshaisoma, yako nimeisoma mara nane.

Kumbe halikuzibwa.

Nafika Alhamisi na basi la asubuhi. Chekecheni mchanga. Dereva akae mbali na pipa. Goti limepona.

Mjomba wako


Jumapili, 28 Mei

Binti yangu,

Hujambo, na mkwe, samahani, mume wako hajambo? Mwambie ile rafu ni skrubu ya kushoto tu, aikaze nusu mzunguko. Nilitaka kuikaza usiku ule kabla ya safari nikaona nimwachie heshima yake.

Unaniuliza kwa nini siandiki. Nilikuwa juu ya jukwaa. Karibu wiki tatu, kila siku, si Jumamosi peke yake, maana watu hawa walianza kuomba ruhusa makazini kwao. Mwalimu anachekecha mchanga kama anasahihisha mitihani, punje kubwa moja inarudishwa. Binamu yako mistari hajui lakini mkono wa mwiko anao, ni wa ukoo.

Siku ya kwanza niliwakusanya chini ya mnara kabla hatujagusa kitu. Nilikuwa nimejitayarishia maneno mengi ndani ya basi, yote yakapotea. Nikasema, "Mimi ndiye Bwana Saruji." Binamu yako anatazama viatu vyake. Ndipo Dereva akaja mbele, mtu mkubwa kama kabati, nikajua leo napigwa. Akanitazama toka juu hadi chini. Akasema, "Mzee, saruji yako imenivunjia patasi nne. Sijawahi kuona kazi ngumu namna ile. Hii ya sasa nayo itashika hivyohivyo?" Nikasema itashika, lakini itapumua. Akasema, "Basi nipe mwiko." Wakacheka wote, na mimi nikacheka, binti yangu, nikacheka hadi ikabidi nikae juu ya pipa.

Ukuta tumeumaliza Jumatano ya wiki iliyopita. Kila aliyefungua tundu ametengeneza kizingiti chake na kuweka dole lake. Dole la Dereva limechukua kizingiti chote. La kwangu lipo palepale juu, sikuongeza jingine.

Afisa alikuja jana saa nne, na faili na viatu vya kung'aa. Kaweka kiganja ukutani. Kakitazama, kikavu. Kagonga kwa kalamu, kasikiliza. Kazunguka upande wa bwawa, kina mama wamekaa kwenye mabenchi, kerengende wanaruka juu ya maji, akauliza kama hao tumewanunua. Mwalimu akamjibu taratibu, kama anayemjibu mwanafunzi wa darasa la kwanza. Halafu akasimama mbele ya ubao wa langoni, akausoma wote kwa sauti, na mimi nimesimama nyuma yake. Mwalimu aliuandika upya. Unasema: "Matundu thelathini na moja ya mnara huu yalizibwa na fundi mmoja. La thelathini na mbili aliliacha kwa sababu lilikuwa na makinda. Fundi huyohuyo amerudi kutusaidia kuyafungua yote." Jina langu lipo, nililitaka mwenyewe. Kichwa cha mfuko hakipo, Dereva alinionea huruma.

Afisa kafungua faili juu ya paja ili aandike. Ndipo wakaja. Si wale wa tundu la juu, wengine, wanashuka kutoka juu ya paa la soko, kumi, ishirini, wanazunguka mnara wakilia. Kilio kile nakijua. Wakaja mpaka ukutani. Mmoja akagusa kizingiti cha binamu yako, kile kilichopinda kuliko vyote, akaingia. Hakutoka. Wa pili akaingia tundu la Mwalimu. Afisa kasimama kalamu hewani. Mwisho akasema, "Sasa niandike nini hapa, kama wenyewe wameshahamia?" Akatia sahihi. Mnara unabaki, bustani ni ya watu. Binamu yako alipiga vigelegele mpaka vyura wakanyamaza.

Nami nikatazama juu niwahesabu, mdomo wazi, na mmoja wao akanishushia mzigo katikati ya kofia. Ile nyeupe uliyoninunulia. Watu wakakimbilia vitambaa, unanijua nilivyo na madoa. Nikawaambia waache.

Niletee suruali zangu za kazi, nakaa mpaka makinda waruke. Kofia iko msumarini mbele yangu ninapoandika, na doa lake, wala sijaifua.

Baba yako,
Timazi